Somo: Picha ya Ndege na Uzi Tuliouondoa



Katika toleo moja lililopita tulichapisha picha ya yangeyange amesimama juu ya mkoko, mweupe pe, shingo imenyooka. Wengi mliipenda. Kisha tukapokea barua kutoka kwa kamati ya parokia ya pwani iliyotutumia picha hiyo. Waliuliza: "Uzi uko wapi?"

Katika picha yao, mguu wa ndege yule ulikuwa umezingwa na kipande cha wavu wa nailoni. Sisi, tulipokuwa tukiandaa jarida kwenye kompyuta, tuliufuta kwa kuwa ulionekana kama uchafu. Kumbe ndiyo sababu walipiga picha ile: walikuwa wakiomba msaada wa kukusanya nyavu chakavu zinazotupwa mikokoni. Ombi lao likawafikia wafadhili likiwa na picha ya ndege asiye na shida yoyote. Tuliwaomba radhi, na somo hili limetokana na barua yao.

Tuanze na namna ya kumkaribia ndege. Wengi wenu mnatumia simu, na simu haivuti vizuri kitu kilicho mbali, hivyo mtu hushawishika kusogea. Lenzi ndefu, kwa mfano ya milimita 400, humruhusu mpigaji kubaki mbali. Asiye nayo atumie subira: awahi kabla ya ndege kufika, akae chini, atulie. Ndege anapoacha kula na kuinua kichwa, amekwisha kukuona. Ishia hapo hapo. Akiruka, ujue ulizidisha.

Penye viota tunasema wazi: msiende. Mzazi akiruka, mayai hubaki juani, na kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani, yuko juu ya mnazi anatazama. Kukata matawi ili kiota kionekane ni kumwonyesha yeye pia.

Yangeyange ana ugumu wake. Akiwa mbele ya majani au matope meusi, kamera huona giza, huongeza mwanga, na manyoya yake hubaki doa jeupe tu. Punguzeni mwanga kidogo wakati wa kupiga, tena asubuhi, kabla jua halijawa kali. Manyoya yaliyokwisha kuungua hivyo hayarudi kwenye kompyuta, hata fundi awe nani. Na lengeni jicho. Jicho likionekana vizuri, kasoro nyingine husameheka.

Kuhusu kurekebisha picha: kupunguza kingo, kusawazisha mwanga, kurudisha rangi iliyogeuka bluu kivulini, hatuoni ubaya. Kuongeza au kuondoa kitu ni jambo jingine. Mashindano ya World Press Photo hukataa picha za namna hiyo, na hudai faili za asili ili kuhakikisha.

Hata bila kompyuta picha inaweza kupotosha. Mwaka 2013 mpiga picha Nick Brandt alitoa kitabu chenye picha za ndege waliokauka kwa magadi kando ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliwaokota wakiwa wamekufa, akawaweka kama walio hai. Maelezo hayo hayakusafiri mbali kama picha zenyewe. Habari zikaenea duniani kwamba ziwa hilo hugeuza wanyama kuwa mawe. Na hapo ndipo mahali pakuu pa kuzaliana kwa heroe wadogo, wale flamingo, katika Afrika Mashariki!

Kwa upande wetu, kuanzia sasa picha iliyorekebishwa itarudishwa kwanza kwa kamati iliyoituma, kabla ya kwenda kiwandani. Nanyi tunawaomba mtunze faili ya asili, na kuandika chini ya kila picha mahali, tarehe na jambo mnalotaka lionekane. Kama tungekuwa na sentensi moja tu kuhusu ule wavu, tusingeufuta.

Katika kikao chenu kijacho, wekeni mezani picha tatu mlizotuma mwaka huu, mjadili: ni kitu gani kiliachwa nje ya picha, na nani aliamua? Tuandikieni majibu yenu. Picha ya yangeyange tutaichapisha tena katika toleo lijalo, ukurasa wa mbele, pamoja na uzi wake.