RASIMU ILIYOPIKWA UPYA: KWA NINI WAKENYA WALIITILIA SHAKA MWAKA WA 2005?

Sisi wa kidato cha tatu tutapata vitambulisho hivi karibuni, na kila mara wanasiasa wakibishana juu ya Katiba utasikia, "Twende kwa kura ya maoni!" Mwaka wa 2005 wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Basi hebu tuone yaliyotokea wakati ule.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Rasimu ni andiko ambalo bado halijapitishwa. Kura ya maoni hapa Kenya ni ile ya wananchi wote kuulizwa ndiyo au la. (Ndugu zetu Watanzania wakisema kura za maoni, mara nyingi huwa ni chama kinachuja wagombea wake. Ukisoma gazeti la Dar es Salaam usichanganyikiwe!)

Wajumbe zaidi ya 600 walikutana Bomas, Nairobi, kuanzia Aprili 2003 hadi Machi 2004, mwenyekiti akiwa Profesa Yash Pal Ghai. Rasimu yao ilimpunguzia rais madaraka na kumpa waziri mkuu kazi ya kuendesha serikali. Upande wa serikali ukatoka mkutanoni kwa hasira. Mwezi huo huo wa Machi, Mahakama Kuu ikaamua kwamba katiba mpya ni lazima ipigiwe kura na wananchi.

Sasa ndipo mambo yakageuka. Julai 2005 wabunge walikutana Kilifi wakaipika rasimu upya. Madaraka makubwa yakarudi kwa rais, waziri mkuu akawa mtu wa kuteuliwa naye, na ngazi za ugatuzi zikapunguzwa. Mkuu wa Sheria, Amos Wako, akaichapisha mwezi wa Agosti.

Watu wakaguna. Na mimi naona walikuwa na haki ya kuguna hata kabla ya kusoma ukurasa mmoja. Tuseme ukoo mzima umekaa ukakubaliana mahari. Usiku wajomba watatu wanajifungia chumbani, asubuhi wanatoka na hesabu nyingine. Hata kama hesabu hiyo ni nafuu, si wataulizwa mlango ulifungwa kwa nini?

Lakini kulikuwa na mtego ambao watu husahau kuutaja. Karatasi ya kura haikuuliza, "Wataka ya Bomas au ya Kilifi?" Iliuliza juu ya rasimu ya Wako peke yake. Aliyeipenda ya Bomas akipiga la, alibaki na katiba ya zamani aliyokuwa akiilalamikia miaka yote. Jamani, hapo ungefanyaje? Tena alama zilikuwa matunda, ndizi ya ndiyo na chungwa la la, kwa hivyo ilikuwa rahisi mtu kubishania matunda bila kuifungua rasimu yenyewe. Tarehe 21 Novemba 2005, takriban asilimia 58 walisema la. Kati ya mikoa minane, ni Mkoa wa Kati tu uliokubali.

Si Kenya pekee. Uingereza, Harold Wilson alijadiliana upya juu ya uanachama wa nchi yake katika Jumuiya ya Ulaya, na mwaka wa 1975 asilimia 67 wakakubali kubaki. David Cameron alijaribu vivyo hivyo mwaka wa 2016. Wengi wakaona mapatano yake ni maji ya kunde, na karibu asilimia 52 wakapiga kura ya kutoka.

Kuna atakayeniuliza, na Naivasha je? Kweli, Januari 2010 wabunge walijifungia papa hapa Naivasha, wakabadilisha rasimu ya wataalamu na kumwondoa waziri mkuu kabisa. Mbona hiyo ilipita kwa asilimia 67 tarehe 4 Agosti? Nionavyo mimi, safari hii pande zote mbili za serikali ya mseto zilikuwa mezani, na damu ya mwaka wa 2008 ilikuwa bado haijasahaulika, hasa hapa Nakuru na Naivasha. Hata hivyo, katika Mkoa wa Bonde la Ufa waliosema la walikuwa wengi kuliko waliosema ndiyo, na ardhi ilikuwa moja ya sababu. Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyoleta kaunti, na leo waliosema la na waliosema ndiyo wote wanampigia kura gavana mmoja wa Nakuru.