Vidonge vya Presha Havina Mwisho wa Dozi



Asubuhi moja mzee mmoja aliletwa kwenye kliniki yangu hapa Gede akiwa juu ya bodaboda, amebanwa katikati ya mwendeshaji na mwanawe ili asianguke. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelegea na mdomo umekwenda upande. Nilimtambua mara moja. Miezi saba kabla ya siku hiyo nilikuwa nimempima nikamkuta na shinikizo la damu la 178 kwa 106. Nilimpa vidonge vya mwezi mmoja, nikamwambia apunguze chumvi, nikamwita mgonjwa mwingine. Hakurudi tena.

Tulimkimbiza hospitalini, na kwa rehema za Mungu alipona, ingawa mkono haukurudi sawasawa. Alipopata nafuu nilimuuliza, "Mzee, mbona uliacha dawa?"

Alinitazama kwa mshangao. "Sikuacha, daktari. Nilimaliza."

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa dawa bila kumweleza kwamba dawa ile haina kumaliza. Leo nataka nikueleze wewe yale niliyopaswa kumweleza yeye.

TUMEZOEA MALARIA

Sisi watu wa Pwani tumelelewa na malaria. Unashikwa na homa, unapimwa, unapewa dozi, unaimaliza na unapona. Kwa malaria, mtu aliyemaliza dozi amefanya vyema. Basi mtu akipewa vidonge vya presha hutumia akili hiyo hiyo: amemaliza pakiti, kichwa hakiumi, amepona.

Lakini shinikizo la damu, kama kisukari, si ugonjwa wa kuja na kuondoka. Ni wa kudumu. Vidonge hushusha shinikizo siku unazovimeza, na ukiacha hupanda tena. Tena hupanda kimya kimya. Wagonjwa wengi hawasikii maumivu yoyote, huku mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo ikiendelea kuharibika mwaka baada ya mwaka.

Na wala si ugonjwa wa watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

WALIOHAMIA NAIROBI

Wengi husema presha ni ya ukoo, au ni mapenzi ya Mungu, basi hakuna la kufanya. Ni kweli kwamba ukoo una sehemu yake. Hata hivyo, tafiti zilizofanywa hapa hapa Kenya zinatuonyesha kwamba sehemu kubwa iko jikoni na njiani.

Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison aliandika katika jarida la The Lancet habari za watu 1,000 aliowapima magharibi mwa Kenya. Huko Ulaya ilijulikana kwamba shinikizo hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wale wa mashambani hakuliona jambo hilo. Wazee wao hawakuwa na shinikizo kubwa kuliko vijana.

Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti wa Uingereza na Kenya walifanya jambo la busara. Waliwafuata vijana wa Kiluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wakawapima mara kwa mara kwa muda wa hadi miaka miwili, na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Muda mfupi tu baada ya kufika mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wale waliobaki. Uzito wao pia ulikuwa mkubwa zaidi, na mapigo ya moyo yalikwenda kwa kasi zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo.

Angalia vizuri hapo, msomaji. Vijana wale walikuwa wa kabila moja na vijiji vile vile. Kilichobadilika ni maisha, hasa chakula.

Mwili unahitaji chumvi kidogo tu. Ikizidi, mwili huzuia maji ili kuizimua, damu huongezeka ndani ya mishipa, na moyo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Potasiamu ni madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga za majani, ndizi, mbaazi, maharagwe na viazi vitamu. Husaidia figo kuitoa chumvi hiyo kwa njia ya mkojo.

Siku hizi si lazima uende Nairobi ili uwe mhamiaji. Hapa Gede, watu waliokuwa wakienda shamba kwa miguu sasa huita bodaboda. Palipokuwa na sima, mchicha na samaki, sasa pana chipsi na soda. Mji umetufuata nyumbani.

DEREVA NA MAKANGA

Yule mzee aliendesha matatu kati ya Malindi na Mombasa kwa zaidi ya miaka ishirini. Kisa chake hunikumbusha utafiti wa Jeremy Morris wa London, uliochapishwa mwaka 1953. Morris alichunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva alikaa kitini siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi siku nzima kukusanya nauli. Makondakta waliugua ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na walipougua, waliokufa ghafla walikuwa wachache zaidi.

Baadaye Morris mwenyewe alitazama vipimo vya sare zao akagundua kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata wale vijana. Kwa hiyo huenda si kazi peke yake iliyowatofautisha. Lakini tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha jambo lenyewe: mwili unaotembea huulinda moyo.

JE, MTU AKIBADILIKA ATAPATA NAFUU?

Ndiyo, na mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 1997 watafiti kutoka vyuo vikuu kadhaa vya Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa chakula na shinikizo la damu. Kundi moja lilipewa matunda na mboga kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na nyama na sukari kidogo. Kwa wale waliokuwa tayari na presha, namba ya juu ilishuka kwa takriban 11 katika muda wa majuma manane, ukilinganisha na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Nafuu hiyo hukaribia ile ya kidonge kimoja.

Kuhusu kisukari, utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2002 ulihusisha zaidi ya watu 3,000 waliokuwa karibu kuupata ugonjwa huo. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa juma walipunguza hatari ya kuupata kwa asilimia 58. Waliomeza dawa ya metformin waliipunguza kwa asilimia 31.

MAMBO YA KUFANYA

1. Chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, na hapo ni pamoja na chumvi iliyojificha. Hapa kwetu hujificha kwenye papa na ng'onda, krispi za muhogo, achari, embe mbichi ya chumvi na pilipili, mkate, na vidonge vya kukolezea mchuzi. Ng'onda iloweke usiku kucha na uyamwage maji yake kabla ya kupika. Mezani usiweke chumvi kabisa. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili vitakusaidia mpaka ulimi uzoee.

2. Mboga na matunda. Mchicha, kisamvu, mnavu na mchunga si chakula cha maskini. Ni kinga. Upike kwa tui jepesi badala ya kasimele. Kama una ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza kabla ya kuzidisha ndizi na madafu, kwa sababu potasiamu nyingi inaweza kukudhuru.

3. Mwendo. Tembea haraka haraka dakika 30, siku tano kwa juma. Mkazi wa Gede anaweza kutembea kutoka njia panda hadi lango la magofu na kurudi. Wewe wa Mombasa au Nairobi, shuka kituo kimoja kabla ya chako.

4. Uzito na sukari. Mahamri manne na chai ya sukari tele asubuhi, kisha viazi karai na soda jioni, ni karamu ya kila siku. Anza kwa kuacha soda.

5. Sigara, pombe, miraa na muguka. Sigara huharibu mishipa. Mnazi na pombe nyingine zikizidi hupandisha shinikizo. Miraa na muguka huongeza mapigo ya moyo na presha, na madereva wetu wanaokesha nazo barabarani walijue hilo.

KIPIMO KIMOJA HAKITOSHI

Huko Kilifi, watafiti wa KEMRI wamewapima watu wazima kwa mashine inayovaliwa mkononi na kupima shinikizo mchana na usiku kwa saa 24. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baadhi ya waliokutwa na presha walipopimwa kwa njia ya kawaida hawakuwa nayo walipovaa mashine hiyo. Wasiwasi wa kumwona mhudumu wa afya peke yake unaweza kupandisha namba.

Kwa hiyo usikubali kuhukumiwa kwa kipimo kimoja, isipokuwa kama namba ni kubwa mno au una dalili za hatari. Kabla ya kupimwa, kaa kitini dakika tano, egemeza mgongo, weka mkono juu ya meza, na usizungumze. Nusu saa kabla yake usivute sigara, usinywe kahawa wala usitafune muguka. Namba zikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, hiyo ni presha.

USIACHE DAWA KWA SIRI

Wengine wakisoma yote haya watasema, "Basi nitakula mchicha niache vidonge." La hasha. Mwenendo mwema huisaidia dawa, na pengine daktari ataweza kuipunguza. Lakini uamuzi huo hufanywa mkiwa pamoja, kwa kutazama vipimo.

Najua sababu zinazowafanya watu waache. Pesa zimekwisha. Vidonge vimeleta kikohozi, au miguu imevimba. Wanaume wengine huona nguvu zao za chumbani zimepungua na wanaona haya kusema. Wengine wameambiwa maji ya mwarobaini yanatosha. Mwambie daktari wako sababu yenyewe bila kuona haya. Ziko dawa za bei nafuu, na ziko za aina nyingi. Ikikusumbua hii, utabadilishiwa. Na kama unakunywa dawa ya miti shamba, usifiche, kwa sababu nyingine hupingana na vidonge.

Jambo la mwisho ni la haraka. Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakitoka hayaeleweki, usimkande mafuta wala usingoje kuche. Mkimbize hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama hali hiyo imeondoka baada ya dakika chache.

Yule mzee sasa hutembea kwa mkongojo. Mkewe amempangia vidonge kando ya birika la chai, na chumvi ameipeleka jirani. Mara ya mwisho kumpima alikuwa na 134 kwa 82. Alifurahi, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo sasa niache?"

Nilimwambia, "Mzee, jahazi likiacha kuvuja, unaacha kulitia kalafati?"

Alicheka, akachukua pakiti yake ya mwezi ujao. Siku hizi kila ninapompa mgonjwa vidonge vya presha, huandika juu ya bahasha tarehe ya kurudi, na kumwomba anirudie kwa mdomo wake mwenyewe kwamba dawa hii haina mwisho wa dozi.

Na wewe msomaji, kama vidonge vyako viliisha mwezi uliopita nawe ukaona umepona, usingoje Jumatatu. Nenda ukapimwe leo.