Jinsi ya Kumfunza Mbwa Mchanga Kurudi Anapoitwa

Asubuhi ya siku ya shule, barabara ya Meru–Maua inayopita Kaaga hujaa wanafunzi, bodaboda na matatu. Mbwa mchanga akichomoka langoni wakati huo, anaweza kugongwa, kumwangusha mwendeshaji wa bodaboda au kumng'ata mtoto. Usalama wa wote hutegemea kama atageuka anaposikia jina lake.

Mbwa asiyerudi si lazima awe mkaidi. Katika maboma mengi mbwa hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na huitwa tu anapotakiwa kufungwa au kuchapwa. Hivyo hujifunza kwamba kuitwa ni dalili ya taabu. Mafunzo yafaa yaanze mapema, hata akiwa na umri wa wiki 8, kwa hatua hizi:

1. Familia nzima ikubaliane neno moja, kwa mfano "Simba, njoo". Kila mtu akiita kwa namna yake, mbwa huchanganyikiwa.

2. Mafunzo yaanzie ndani ya boma, kwa umbali wa hatua chache. Akifika, apewe papo hapo kipande kidogo cha nyama au ugali, na asifiwe. Dakika 5 zatosha, mara 2 au 3 kwa siku.

3. Akizoea, watu wawili wasimame mbalimbali na kumwita kwa zamu.

4. Kisha afungwe kamba ndefu ya mita 5 hadi 10 na kufunzwa shambani, karibu na kuku na watoto wanaocheza. Kamba ni ya kumzuia asitoroke, si ya kumburuta.

5. Kila akija, ashikwe mkanda wa shingo, apewe chakula, kisha aachiliwe tena. Ataelewa kwamba kuitika si mwisho wa uhuru wake.

Mbwa aliyerudi asichapwe kamwe, hata akichelewa. Yeye ataona amepigwa kwa sababu amekuja. Asifukuzwe pia, maana atadhani ni mchezo. Mwenyewe akikimbia kuelekea upande mwingine, mara nyingi mbwa humfuata.

Mbwa aliyezoea kuja na kushikwa pia ni rahisi kumpeleka kuchanjwa. Hadi asilimia 99 ya visa vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Kenya inalenga kumaliza vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na ili kuukomesha ugonjwa, angalau asilimia 70 ya mbwa wanapaswa kuchanjwa. Mbwa achanjwe anapofikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Wakazi waulize ofisi ya mifugo iliyo karibu kuhusu siku za chanjo.

Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja, hata kama kidonda ni kidogo.