Karatasi ya Babu ya Mwaka 1967

SWALI: Ninaishi Korogwe. Babu yangu alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge huku kwetu, akaoa Mzigua. Baadaye alihamia Handeni, na mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, akapewa shamba. Ameshafariki. Sisi wajukuu tumekua tukijiita Wazigua. Sasa ninaandika historia ya ukoo, na nataka kwenda Ofisi ya Taifa ya Takwimu kuomba karatasi yake ya sensa ya 1967 nione alitaja kabila gani. Shangazi yangu, anayelima shamba lile, amenikataza kabisa. Anasema kuna jirani anatuita watu wa kuja na analitaka shamba, na kwamba nikiendelea nisikanyage tena kwake. Je, historia ya babu si haki yangu? – Mjukuu, Korogwe.

JIBU: Mwanangu, karatasi hiyo hutapewa, hata kama ingali imehifadhiwa mahali. Na shangazi yako ana sababu ya kuogopa.

Sensa ya Agosti 1967 ilikuwa ya kwanza baada ya Uhuru, na ndiyo ya mwisho nchini kwetu kuuliza watu kabila na dini. Karani wa sensa huapa kutunza siri. Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inataka maelezo ya mtu mmojammoja yatumike kutengenezea takwimu tu, na haikuweka mwaka wa kuyafungua. Watafiti hupewa sampuli za sensa, kama zile za 1988, 2002 na 2012, zikiwa zimeondolewa majina. Najua utaniambia kwamba nyaraka za serikali hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Ni kweli kwa mafaili mengi, lakini dodoso la sensa lina kiapo juu yake. Babu yako alimjibu mgeni aliyebisha hodi kwa kuwa aliahidiwa kwamba maneno yale hayatamrudia.

Hata hivyo, siamini kwamba siri hiyo inapaswa kudumu milele. Marekani hufungua madodoso baada ya miaka 72, na Aprili 2022 walifungua ya mwaka 1950. Uingereza husubiri miaka 100, na ya mwaka 1921 yalifunguliwa Januari 2022. Watu wengi huko wamewapata babu na bibi zao ndani ya karatasi hizo. Nasi tunahitaji sheria inayotaja mwaka, na mimi ningechagua miaka 100, ili ya 1967 yafunguliwe mwaka 2067. Karatasi iliyofungwa bila tarehe ya kufunguliwa hukosa mtu wa kuitunza, nayo huishia kuliwa na mchwa.

Utasema miaka 100 ni mingi. Tazama basi Rwanda. Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vya watu miaka ya 1930, na mwaka 1994 watu waliuawa vizuizini kwa neno lile lile lililoandikwa na karani wa zamani. Handeni si Rwanda, wala sitaki kumtisha mtu. Ninachosema ni kwamba babu amekufa, lakini atakayeulizwa juu ya kabila lake ni shangazi yako, akiwa na jembe mkononi.

Kwa hiyo tuanze na hilo shamba, maana ndipo ugomvi wenu ulipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiulizi kabila. Mwanakijiji ni yule anayeishi kijijini, au anayetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Zaidi ya hapo, kifungu cha 15 kinathibitisha kuwa halali ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya 1 Januari 1970 na 31 Desemba 1977. Shamba la babu yako limo ndani ya miaka hiyo. Angetajwa Muha, Mzigua au Mngoni katika sensa, jirani yenu hapati chochote. Msomee shangazi kifungu hicho kwa sauti, taratibu, kabla hujataja neno historia.

Halafu kumbuka wanaoishi Chogo, huko huko Handeni. Walikuja wakiwa wakimbizi kutoka Somalia, nao ni kizazi cha Wazigua waliouzwa ng'ambo ile katika karne ya 19. Wengi wao walikuwa bado wanazungumza Kizigua. Kwao asili ilihifadhiwa na wazee waliokuwa wakisimulia, na Tanzania ikawapa uraia. Kama masimulizi yaliweza kuvuka zaidi ya miaka mia moja na bahari juu yake, ya babu yako hayajapotea.

Yatafute kwa watu. Wapo Korogwe wazee waliokaa kambi za mkonge, waliobeba kipande na kuhesabiwa siku zao za kazi, na wanakumbuka nani alitoka Kasulu na nani Songea. Kama babu alibatizwa au alifunga ndoa kanisani, muombe padri akutazamie daftari la parokia. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya wilaya na ya kazi za mashambani ambayo msomaji yeyote anaweza kuomba kibali cha kuyasoma. Na shangazi mwenyewe anajua mengi kuliko karani yeyote. Muulize ni lipi liandikwe na lipi libaki ndani ya familia, kisha uheshimu jibu lake angali hai.

Lakini usianze na daftari lako la historia. Nenda Handeni, kaa naye, muandike pamoja ombi la hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji, na jina lake litangulie.