Somo la 6: Aliyekuja Mbio, Akaondoka kwa Huzuni

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Marko 10:13–52, Mambo ya Walawi 25:23, Kutoka 22:1, 26, 27, Luka 12:13–21, Luka 19:1–10, 1 Timotheo 6:6–19.

Fungu la Kukariri: Marko 10:27. Lisome kila siku juma hili hadi uweze kulisema bila kufungua Biblia.

Wengi walimjia Yesu wakiwa na huzuni, wakaondoka wakiwa na furaha. Wakoma walitakasika, vipofu waliona, wazazi walirudishiwa watoto wao. Mtu mmoja alipita njia ya kinyume: alikuja mbio, akaondoka kwa huzuni. Hakuwa mgonjwa wala adui wa Kristo. Mathayo anasema alikuwa kijana, Luka anasema alikuwa mtawala, na Injili zote tatu zinakubaliana kwamba alikuwa na mali nyingi. Kwa hiyo tumezoea kumwita mtawala kijana tajiri.

Alichokitafuta kilikuwa chema kuliko vyote, yaani uzima wa milele. Wala hakukikataa kwa kinywa chake. Alikikosa kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshika kitu kingine, naye hakuwa tayari kuufungua. Juma hili tutamwangalia mtu huyu pamoja na watu wengine wawili waliokutana na Yesu katika safari ileile ya kwenda Yerusalemu: Bartimayo aliyekuwa mwombaji, na Zakayo aliyekuwa tajiri. Wote watatu walikuwa na kitu cha kuachilia.

JUMAPILI: Swali la Mrithi

Soma Marko 10:13–17. Yesu alikuwa ametoka kusema nini juu ya watoto kabla mtu huyu hajafika?

Mtu huyu alipiga magoti barabarani, mbele ya watu. Kwa mtu mwenye cheo hilo halikuwa jambo dogo. Aliuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele. Swali lake lina maneno mawili yasiyokaa pamoja kwa urahisi: kufanya na kurithi. Kibarua hufanya kazi akalipwa ujira. Mtoto hurithi kwa kuwa ni mtoto wa nyumba ile.

Katika Israeli urithi ulimaanisha hasa ardhi iliyotoka kwa baba kwenda kwa wana. Hata hivyo, Mungu alikuwa amewaambia tangu mwanzo kwamba nchi ni mali yake, na wao ni wageni wanaokaa kwake (Mambo ya Walawi 25:23). Hata mwenye mashamba mengi kuliko wote alikuwa mpangaji wa Mungu. Mtu huyu aliutafuta uzima wa milele kama mtu anayetaka kuongeza mali moja zaidi juu ya zile alizonazo: nipe masharti, nami nitayatimiza.

Lakini muda mfupi kabla ya hapo Yesu alikuwa amewakumbatia watoto, akasema kwamba ufalme wa Mungu hupokelewa kama mtoto anavyopokea. Mtoto mdogo hana hati ya shamba. Hana akiba. Anapopewa kitu hunyosha mikono yote miwili, kwa sababu haina kitu.

Unapomwomba Mungu, je, unaomba kama kibarua anayedai ujira wake, au kama mtoto? Utajuaje tofauti?

JUMATATU: Jambo Moja

Soma Marko 10:18–22. Ni amri zipi Yesu alizozitaja, na ni zipi ambazo hakuzitaja?

Yesu alitaja amri zinazohusu jirani: kuua, kuzini, kuiba, kushuhudia uongo, na kuwaheshimu wazazi. Kwa kadiri ya Marko aliongeza pia katazo la kudhulumu kwa hila. Mtu yule alijibu kwamba ameyashika hayo yote tangu utoto, wala Yesu hakumwita mwongo. Lakini katika orodha hiyo haimo amri ya kumi, inayokataza kutamani, wala amri ya kwanza, inayokataza miungu mingine. Yesu hakuzisahau. Alimletea amri hizo mbili kwa namna nyingine, alipomwambia auze alivyo navyo, awape maskini, kisha amfuate. Mtu aliyejiona hana deni katika sheria yote aligundua pale pale barabarani kwamba alikuwa na bwana mwingine.

Marko peke yake anatuambia kwamba Yesu alimtazama akampenda, kabla hajamwambia neno lile gumu. Tusilisome agizo hilo kama adhabu. Daktari anayempenda mgonjwa humwambia mahali palipo na ugonjwa, hata kama mgonjwa alitaka kusikia kwamba yu mzima.

Je, kila Mkristo ameagizwa kuuza kila kitu? Yusufu wa Arimathaya alikuwa tajiri, na kaburi lake ndilo lililompokea Bwana (Mathayo 27:57–60). Lidia aliuza rangi ya zambarau, na nyumba yake ikawakaribisha mitume (Matendo 16:14, 15). Paulo hawaagizi matajiri waache kuwa matajiri. Anawaagiza wasiutumainie utajiri, na wawe tayari kutoa (1 Timotheo 6:17–19). Agizo la kuuza vyote lilimhusu mtu huyu kwa sababu hapo ndipo moyo wake ulipofungwa.

Kama Yesu angekutazama leo kwa upendo, ni jambo gani moja angelitaja? Usijibu upesi.

JUMANNE: Ngamia na Tundu la Sindano

Soma Marko 10:23–27. Kwa nini wanafunzi walishangaa mno?

Wengi waliamini kwamba mali ni ushahidi wa kibali cha Mungu, nao waliweza kuonyesha baraka za Kumbukumbu la Torati 28. Kama mtu aliyebarikiwa, mwenye heshima, mshika amri, haingii kwa urahisi, nani ataingia?

Wahubiri wengine hueleza kwamba Yerusalemu kulikuwa na lango dogo lililoitwa Tundu la Sindano, na kwamba ngamia aliweza kupita akishushwa mizigo na kupiga magoti. Maelezo hayo yanapendeza, lakini hakuna ushahidi wa lango hilo katika siku za Yesu. Tena yanaharibu fundisho lenyewe. Kama ngamia anaweza kupita kwa kujibana, basi tajiri naye anaweza kujiokoa kwa kujitahidi kidogo zaidi. Yesu alimchukua mnyama mkubwa kuliko wote waliofahamika sana katika nchi ile, na tundu dogo kuliko yote yaliyokuwa nyumbani, ili aseme neno moja: haiwezekani.

Ndipo akaongeza kwamba lisilowezekana kwa wanadamu linawezekana kwa Mungu. Hapo ndipo lilipo tumaini la tajiri, na la maskini pia. Moyo haufungui vidole vyake wenyewe. Anayeona kwamba hawezi kuachilia asikate tamaa, wala asiende zake. Kosa kubwa la mtu yule halikuwa kwamba aliona agizo ni gumu. Petro naye aliliona gumu, lakini alibaki akauliza. Yule mwingine aliondoka. Laiti angebaki na huzuni yake miguuni pa Yesu, angelisikia neno hili la kumi na saba na la ishirini na saba kwa pamoja: swali lake, na jibu la Mungu.

Ni jambo gani katika maisha yako ambalo umejaribu kuliachilia kwa nguvu zako ukashindwa? Mstari wa 27 unakuambia nini?

JUMATANO: Vazi la Mwombaji, Nusu ya Tajiri

Soma Marko 10:46–52 na Luka 19:1–10. Bartimayo na Zakayo waliachilia nini?

Safari ileile iliendelea hadi Yeriko. Bartimayo aliketi kando ya njia akiomba. Yesu alipomwita, alitupa vazi lake, akaruka, akaenda. Kwa maskini vazi halikuwa kitu kidogo. Sheria iliagiza kwamba vazi la maskini lililowekwa rehani lirudishwe kabla ya jua kuchwa, kwa sababu ndilo alilojifunika usiku (Kutoka 22:26, 27). Huyu alitupa blanketi lake kabla hajaona hata kwa jicho moja. Kisha Marko anasema alimfuata Yesu njiani. Tajiri alikutana na Yesu njiani akaenda zake. Mwombaji alikutana naye njiani akaandamana naye.

Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru, naye alikuwa tajiri. Habari yake inafuata karibu sana na ile ya mtawala katika Luka, kana kwamba Luka anataka tumwone ngamia mmoja aliyepita. Angalia kwamba Yesu hakumtajia Zakayo habari ya fedha hata kidogo. Alimwomba mahali pa kukaa tu. Zakayo mwenyewe ndiye aliyesimama akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kuahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Sheria ilimdai mwenye kuungama udhalimu arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo alijihukumu kwa kipimo cha mwizi wa kondoo (Kutoka 22:1).

Mmoja aliambiwa atoe vyote, mwingine alitoa nusu, mwingine alitupa vazi. Mbinguni hakuna kiwango kimoja cha shilingi. Na Yesu alimwita Zakayo mwana wa Ibrahimu. Uana, ambao ndio msingi wa kurithi, aliupokea mtu aliyekuwa akipunguza mali yake.

Kwa nini mtu mwenye kidogo anaweza kufungwa na kidogo chake sawasawa na tajiri?

ALHAMISI: Mara Mia, Pamoja na Udhia

Soma Marko 10:28–31 na Luka 12:13–21. Yesu aliwaahidi nini walioacha vitu kwa ajili yake?

Ahadi ya mara mia si biashara ya kupanda fedha ili kuvuna fedha. Yesu alitaja nyumba, ndugu, mama, watoto na mashamba, kisha akaweka neno udhia katikati ya ahadi, na uzima wa milele mwisho wake. Aliyefukuzwa nyumbani kwa ajili ya imani hupata nyumba nyingi katika kanisa, na kina mama wengi wanaomwekea sahani mezani. Baba ametajwa miongoni mwa walioachwa, lakini hatajwi miongoni mwa wanaopatikana, kwa maana jamaa hii mpya ina Baba mmoja.

Mambo haya hupimwa mahali pa kawaida. Mwenye duka anayefunga mlango Ijumaa kabla ya jua kuzama, huku wateja wa jioni wakielekea duka la jirani, anajua bei ya kumfuata Kristo. Mkulima aliyeuza mavuno anaijua anapotenga zaka kabla ya ada ya shule. Na ndugu wanaogombania kiwanja cha marehemu baba yao, hata hawasalimiani kanisani, wafikirie mtu aliyemtaka Yesu awe hakimu wa urithi. Bwana alimjibu kwa habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, akaambiwa kwamba roho yake ingetakwa usiku uleule. Mtu anaweza kushinda kesi ya kiwanja akapoteza ndugu, na pamoja na ndugu akapoteza urithi ule mwingine.

Je, kuna mtu ambaye hamsemezani kwa sababu ya mali? Utachukua hatua gani kabla ya Sabato?

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Ellen G. White, Tumaini la Vizazi Vyote, sura ya 57 juu ya mtawala kijana, na sura ya 61 juu ya Zakayo. Unaposoma, angalia jinsi kila mmoja alivyoupokea upendo wa Yesu.

Biblia haituambii jina la mtawala huyu, wala kama alirudi siku nyingine. Imemwacha barabarani, akienda nyumbani kwenye mali yake. Mlango wa Marko 10 umebaki wazi, na kila msomaji anasimama mahali pale aliposimama yeye, Yesu akimtazama.

Maswali ya Kujadili:

1. Baadhi ya watu hufundisha kwamba utajiri ni ishara ya imani kubwa. Kwa kutumia Marko 10 mtawajibuje kwa upole?

2. Mali ni baraka inayoweza kuwa bwana. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mali imeanza kumtawala mwenye nayo?

3. Ahadi ya mara mia hutimizwa kwa sehemu kupitia kanisa. Darasa lenu linamjua nani aliyepoteza kazi au jamaa kwa ajili ya Sabato? Amepata nini kwenu?

4. Zakayo alirudisha alichodhulumu. Je, toba inaweza kuwa kamili bila kurudisha? Elezeni.