Kodi ya Fremu Terrat: Daftari, Haki na Hiari

Kata ya Terrat iko ukingoni mwa Jiji la Arusha, upande wa kusini, mahali ambapo mashamba na malisho yanazidi kupisha nyumba mpya. Nyumba nyingi zinajengwa na fremu kabisa: duka la mangi, saluni, kibanda cha miamala ya simu, genge la nyanya na vitunguu, fundi wa kuchomelea mageti. Wengi wa wenye fremu hizi wameanza kwa fedha za kikoba au kwa mkopo wa ndugu, na wanamwogopa afisa wa kodi karibu sawa na wanavyoogopa hasara. Makala haya ni kwa ajili yao. Yanaeleza kodi inayomhusu mfanyabiashara mdogo, namna inavyokokotolewa, mahali anapoweza kulipa kidogo zaidi bila kuvunja sheria, na hoja za wanaosema kodi iwe nyepesi au hata ya hiari.

Tuanze na TIN. Namba hii ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), ofisini au mtandaoni, kwa kutumia namba ya NIDA. Anayekudai fedha "akutengenezee" TIN anajilipa mwenyewe. Ukishaipata, unakwenda kukadiriwa kodi, kisha unaomba leseni ya biashara halmashauri. Hatua ya kukadiriwa ndiyo wengi wanaipita haraka, na ndipo fedha zao zinapopotelea.

Mfanyabiashara binafsi ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100 huwekwa kwenye utaratibu wa makadirio. Kodi inapigwa juu ya mauzo, bila kutazama faida. Kwa viwango vilivyokuwa vikitumika miaka ya karibuni, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Kwa anayefungua siku 26 za mwezi, hayo ni mauzo ya kama 12,800 kwa siku. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Viwango huweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, inayoanza kutumika tarehe 1 Julai, kwa hiyo ulizia TRA kabla ya kupiga hesabu zako.

Tuchukue mama mwenye genge anayeuza 25,000 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi na miezi 12, mauzo yake ni milioni 7 na laki 8. Akifika ofisini mikono mitupu, atakadiriwa 250,000. Akifika na daftari lililojazwa vizuri, atalipa 90,000 na asilimia 3 ya laki 8, yaani 24,000, jumla 114,000. Tofauti ni 136,000. Hakuna aliyemhurumia wala aliyempendelea. Sheria yenyewe imempa punguzo kwa sababu ameandika. Na hizo 114,000 hazilipwi kwa mkupuo. Zinagawanywa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo kila awamu ni 28,500.

Daftari lenyewe halihitaji elimu ya uhasibu. Andika tarehe, mauzo ya siku, bidhaa ulizonunua na bei yake, na matumizi kama pango, umeme, usafiri na mshahara wa msaidizi. Kilo ya sukari unayoichukua dukani kwenda nyumbani iandike pia. Uliyemkopesha mwandike, maana mauzo ya mkopo nayo ni mauzo. Risiti za mashine za kodi (EFD) za wauzaji wa jumla zitie kwenye bahasha moja, na ujumbe wa miamala ya simu usiufute. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5. Andika kila jioni kabla ya kufunga, kwa sababu daftari linalojazwa kwa kukumbuka mwisho wa mwezi hujulikana kwa macho, na afisa yeyote mzoefu atalitilia shaka.

Mauzo yakifika milioni 11 kwa mwaka unatakiwa kuwa na mashine ya EFD na kutoa risiti, na hapo, kwa viwango hivyohivyo vya miaka ya karibuni, kodi ilikuwa asilimia 3.5 ya mauzo yote. Kwa mwenye saluni, ambaye sehemu kubwa ya mauzo ni kazi ya mikono yake, kiwango hicho kinabebeka. Kwa muuza sukari na unga wa jumla kinaweza kuvunja mgongo. Mtu anayeuza milioni 60 kwa mwaka na kubakiwa na faida ya milioni 3 atatozwa milioni 2 na laki 1, zaidi ya theluthi mbili ya jasho lake. Wengi hawajui kwamba sheria ya kodi ya mapato inamruhusu mfanyabiashara binafsi kujiondoa kwenye makadirio na kutozwa kwa faida. Huko, shilingi 3,240,000 za kwanza za mapato ya mwaka hazitozwi kodi ya mapato. Masharti yake ni hesabu kamili, na ni vema zikaandaliwa na mhasibu aliyesajiliwa. Kama faida yako kwa kila bidhaa ni ndogo, kaa na mhasibu ulinganishe njia zote mbili kabla mwaka haujaanza.

Ukipanga fremu kwa ajili ya biashara, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango. Hii ni kodi ya mwenye nyumba. Wewe mpangaji unakata asilimia 10 kwenye pango unalomlipa na kuipeleka TRA kwa niaba yake. Mtaani mambo huenda kinyume: mwenye nyumba anachukua pango lote, mpangaji anatoa asilimia 10 mfukoni mwake. Zungumzeni kabla ya kusaini mkataba, na iandikwe humo kwamba kodi hiyo inakatwa kwenye pango lililokubaliwa.

Kodi ya jengo nayo inakatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mpangaji anayenunua umeme anailipa kwa niaba ya mwenye nyumba na ana haki ya kurudishiwa au kupunguziwa pango. Nyumba moja ikiwa na mita zaidi ya moja, mwenye nyumba aombe makato yabaki kwenye mita moja tu.

Biashara ikifa, toa taarifa TRA kwa maandishi. Kufunga mlango na kuhama hakufuti makadirio. Deni linaendelea kuhesabiwa, adhabu na riba juu yake, na utalikuta siku unapotaka kuanza biashara nyingine. Na biashara ikidorora katikati ya mwaka, usisubiri Desemba. Rudi na daftari uombe makadirio yarekebishwe.

Wanaotaka kodi iwe nyepesi

Hoja kwamba kodi ikizidi inaua biashara ni ya zamani, na haikuanzia Ulaya. Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis, aliandika katika Muqaddima mwaka 1377 kwamba dola changa hutoza kidogo na kupata kingi, na dola inayozeeka hutoza kingi na kupata kidogo, kwa kuwa watu hukata tamaa ya kuzalisha. Mwaka 1776 Adam Smith wa Scotland akaweka masharti manne: kila mtu alipe kwa uwezo wake, kiasi kijulikane wazi bila kutegemea utashi wa mtoza, kilipwe wakati unaomfaa mlipaji, na gharama ya kukusanya iwe ndogo. Murray Rothbard wa Marekani, katika karne ya 20, alikwenda mbali zaidi akasema kodi yote ni wizi.

Tanzania imeshayaona mengi ya haya kwa macho yake. Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, ikifika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu walilalamika, wengine wakarudi kubeba fedha mkononi. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30, mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na mwaka 2023 ikaondolewa kwenye kutuma fedha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia kamatakamata na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaenda kuwasikiliza. Oktoba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua tume ya kutazama upya mfumo wa kodi, chini ya Balozi Ombeni Sefue. Upande wa pili, Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 vya wamachinga, shilingi 20,000 kila kimoja, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4. Mtu alijua anatoa ngapi, kwa muda gani, na kwamba baada ya hapo mgambo hatamgusa. Sharti la pili la Smith lilitimia pale barabarani zaidi kuliko linavyotimia kwenye ofisi nyingi.

Nakubaliana na watu hawa kuhusu wepesi na uwazi. Siwafuati wanaposema kila kitu kiachwe kwa hiari. Norway, nchi tajiri yenye watu wanaoiamini serikali yao, ilifungua mwaka 2017 njia ya kulipa kodi ya ziada kwa anayependa. Kilichopatikana kilikuwa kidogo mno. Barabara ya kata haiwezi kungoja ukarimu wa namna hiyo.

Hata hivyo hiari si ndoto, na mlima Meru una ushahidi wake. Novemba 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru, takriban 3,000, katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Wameru walichangishana fedha zao wenyewe kumpeleka mwenzao Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, akiwa na mwanasheria Earle Seaton. Hakuna aliyewashikia fimbo. Kila aliyetoa alijua fedha inapelekwa wapi, nani anaibeba, na kwa kazi gani. Mwaka 1998, kwenye mlima huohuo, wananchi wa Arumeru waliigomea kodi ya maendeleo, na hasira yao ilielekezwa kwa halmashauri ya wilaya na jinsi ilivyoendesha mambo yake. Miaka mitano baadaye, 2003, serikali iliifuta kodi hiyo nchi nzima. Siwezi kuamini kwamba watu wa Meru walikuwa wakarimu mwaka 1952 na wachoyo mwaka 1998. Utafiti wa Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja kuhusu kodi hiyohiyo ya maendeleo, uliotoka mwaka 2001, ulionyesha kuwa unyanyasaji wakati wa kutoza na huduma mbovu huwafanya watu wazidi kukaidi.

Ndiyo maana ninamsihi mwenye fremu Terrat alipe, na palepale adai kujua. Risiti ya kila malipo ni yako, na malipo ya serikali yanapitia namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Fedha taslimu mkononi mwa mtu bila namba hiyo haina mwisho unaoujua. Ukiona makadirio si sahihi, una siku 30 tangu kupokea uamuzi kuweka pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu. Utatakiwa kwanza kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi usichokipinga, kile kilicho kikubwa, isipokuwa umeomba na kukubaliwa nafuu. Usiporidhika na jibu, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani. Kama malalamiko yako yanahusu namna ulivyotendewa, iko ofisi ya usuluhishi wa malalamiko ya kodi, TOST.

Kwenye mkutano mkuu wa mtaa, omba taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, inayotoka kila mwaka, itafute uone halmashauri yako imeandikwa nini. Uliza pia kuhusu asilimia 10. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani iwe mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, na mwaka 2024 ikarejeshwa. Fedha hizo zinatoka kwenye leseni na ushuru mnaolipa wenyewe, na kikundi kinachotaka kuomba kinaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.