Gugu Linalobingirika

Mkulima, pengine hujapata kuliona gugu hili, kwa maana habari zake ni za Marekani. Lakini somo lake lakuhusu wewe uliye katika skimu.

Katika miaka ya 1870 wakulima wahamiaji walikuwa wakifungua mashamba mapya huko South Dakota. Walipanda mbegu za kitani zilizotoka Urusi. Katika mbegu hizo zilichanganyika mbegu ndogo za gugu, wala hazikuondolewa. Kabla ya mwaka 1900 gugu hilo lilikuwa limefika California, mamia ya maili kutoka pale lilipoanzia.

Lilikwendaje? Gugu hili huishi mwaka mmoja tu. Likiwa changa ni laini, na ng'ombe hulila. Likikomaa hutoa miiba na kuwa mviringo kama kapu kubwa. Kisha hukauka, shina hukatika karibu na udongo, na upepo hulibingirisha. Mmea mmoja mkubwa waweza kubeba mbegu hata 250,000, nao huziangusha kila upitapo. Tena mbegu zilisafiri kwa gari la moshi, zikiwa zimechanganyika na nafaka chafu.

Lakini adui huyu ana udhaifu wake. Hupenda udongo uliolimwa ukaachwa wazi; penye nyasi nzito hushindwa. Na mbegu zake hazidumu: nyingi hufa udongoni baada ya mwaka mmoja au miwili. Basi mkulima anayeling'oa kabla halijazaa, miaka miwili au mitatu mfululizo, aweza kulimaliza. Ila jirani yake akiacha lake likomae, upepo mmoja waharibu kazi yote.

Sasa tazama shamba lako. Magugu yetu ni mengine, na mbegu za baadhi yake hukaa udongoni miaka mingi. Lakini njia zake ni zile zile. Fanya hivi:

1. Panda mbegu safi. Ukipewa mbegu na rafiki, zipepete na kuzichagua kwanza.

2. Palilia kabla gugu halijatoa maua. Lililokwisha kuzaa lichome, usilitupe njiani.

3. Usiache ardhi iliyolimwa ikae tupu bila sababu.

4. Ukiona gugu geni, mwonyeshe Bwana Shamba mapema, lingali moja.

5. Patana na majirani mpalilie mipaka pamoja. Gugu halijui namba ya shamba.